Demokrasia ya Kikristo ni nini, na kwa nini Jumapili Ujerumani usitoboe ukuta

Nianze na drili. Mwaka wangu wa kwanza hapa Ujerumani, Jumapili moja saa tano asubuhi, natoboa ukuta niweke shelfu ya vitabu. Tundu la kwanza limetoka safi, sijafika la pili mlango unagongwa, ni bibi wa ghorofa ya chini, wa miaka themanini hivi, kavaa slipa, hana hata salamu, ananiambia tu "leo Jumapili". Basi nikajua huyu mlokole, nikaomba radhi nikazima mashine. Baadaye tulizoeana, siku namsaidia kupandisha mifuko ya sokoni nikamuuliza anasali kanisa gani maana sijawahi kumwona akitoka Jumapili. Akacheka sana. Kumbe kanisa alishajitoa miaka mingi, hata Mungu mwenyewe hana uhakika kama yupo, ila Jumapili ni Jumapili na drili inasubiri Jumatatu.

Huyo bibi ndo mfano wangu kila mtu akiniuliza Demokrasia ya Kikristo maana yake nini, kwa sababu wengi wakisikia hilo jina wanafikiria serikali ya mapadre, au wabunge wanafungua kikao kwa mapambio. Sivyo. Ni siasa inayochukua mafundisho fulani ya Kikristo kuhusu binadamu, familia, kazi na mali, inayageuza kuwa sheria, bima, pensheni na ratiba za maduka, alafu hayo mambo yanaishi yenyewe hata kwa mtu ambaye kanisani aliingia mara ya mwisho siku ya kipaimara.

Mizizi yake iko karne ya 19. Viwanda vimeota Ulaya, watu wametoka vijijini wanalala kumi chumba kimoja, watoto wako migodini, na pande mbili zinagombania roho ya mfanyakazi. Huku matajiri wanasema soko liachwe lijiendeshe, kule wajamaa wanasema mali binafsi ifutwe na dini ni kilevi cha wananchi. Kanisa Katoliki likajikuta halipendi upande wowote. Ujerumani palikuwa na askofu wa Mainz, Wilhelm von Ketteler, ambaye tangu 1848 alikuwa anahubiri kuhusu hali ya wafanyakazi, alafu tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo XIII akatoa waraka Rerum Novarum, yaani Mambo Mapya. Humo anasema mali binafsi ni haki, ila mshahara lazima umtoshe mfanyakazi kuishi maisha ya mtu, wafanyakazi wana haki ya kuunda vyama vyao, na serikali isikae kando wakati mnyonge anaumizwa. Papa wa saivi, Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025 alisema wazi kwamba jina kalichukua kwa sababu ya huyo Leo na huo waraka, safari hii mapinduzi yenyewe yakiwa ya akili bandia.

Wanaosikiliza Radio Vatikani kwa Kiswahili haya maneno wanayajua: utu na heshima ya binadamu, mshikamano, mafao ya wengi, na kanuni ya auni. Hayo mengine yanajieleza, auni ndo inawapiga watu chenga. Papa Pius XI aliiweka vizuri mwaka 1931: jambo ambalo mtu, familia au kikundi kidogo kinaliweza, mkubwa asilinyang'anye, yeye kazi yake ni kusaidia pale mdogo anaposhindwa. Sasa angalia Ujerumani inavyofanya kazi. Chekechea nyingi, hospitali nyingi, nyumba za wazee, serikali haiziendeshi yenyewe, zinaendeshwa na mashirika kama Caritas la Wakatoliki na Diakonie la Waprotestanti, na hela kubwa inatoka kwenye kodi na bima za watu wote, sio kwenye sadaka. Kila moja kati ya hayo mawili lina wafanyakazi zaidi ya laki sita. Vijana wetu wanaokuja kusomea unesi huku, wengi wanajikuta mwajiri wao ni kanisa bila kutegemea, wanakuta msalaba ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo na mkataba una vipengele ambavyo hospitali ya mji haina. Mpaka maaskofu walipobadilisha taratibu mwaka 2022, mfanyakazi wa taasisi ya Kikatoliki aliyeachika akaoa tena bila ndoa ya kwanza kutenguliwa alikuwa anaweza kupoteza kazi.

Auni hiyohiyo, wenyewe wakaipeleka mpaka Ulaya nzima: imo kwenye mkataba wa Maastricht wa 1992 ulioanzisha Umoja wa Ulaya, kwamba Brussels, yaani makao makuu ya huo Umoja, isishike jambo ambalo nchi yenyewe inaliweza. Neno lililozaliwa kwenye waraka wa Papa saivi wanalitumia mawakili wakibishana mambo ya viwango vya bidhaa, na sidhani wengi wao wanajua limetoka wapi.

Chama chenyewe kikubwa, CDU (Umoja wa Kidemokrasia wa Kikristo), kilizaliwa 1945 kwenye vifusi. Kabla ya hapo Wakatoliki walikuwa na chama chao cha Zentrum tangu 1870, kilichokomaa wakati Bismarck, chansela yaani mkuu wa serikali wa enzi hizo, anawabana Wakatoliki, Waprotestanti nao wakipiga kura kwingine. Baada ya Hitler watu wakasema yale mambo ya kila dhehebu na chama chake ndo yalitudhoofisha, tuungane, ndo maana herufi ya kwanza inamaanisha Kikristo tu, sio Katoliki. Kiongozi wao Konrad Adenauer alishakuwa meya wa Köln mpaka Wanazi walipomfukuza 1933, akawa chansela 1949 akiwa na miaka 73, umri ambao mtu unategemea awe anacheza na wajukuu, akakaa mpaka 1963.

Na hapa watu wengi wanashangaa, maana CDU leo ni chama cha kulia. Mwaka 1947 mjini Ahlen kilitoa programu inayosema ubepari haujatenda haki kwa maslahi ya Wajerumani. Baadaye kikalegea kikashika kile wanachoita uchumi wa soko wa kijamii: soko liwe huru, lakini kuna uzio. 1951 ikapita sheria kwamba kwenye kampuni kubwa za makaa ya mawe na chuma, wafanyakazi wanachukua nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, na miaka miwili kabla, kongamano la Wakatoliki pale Bochum lilishatamka kwamba mfanyakazi kushiriki maamuzi ni haki ya asili. 1955 ikaja posho ya watoto, mwanzoni kuanzia mtoto wa tatu. 1957 pensheni zikafungamanishwa na mishahara, mishahara ikipanda na mzee anapandishiwa. Hamna mstari wa Biblia kwenye hizo sheria, ila soma Rerum Novarum alafu uzisome, utaona udugu.

Sasa turudi Jumapili, maana hapa ndo patamu. Katiba ya Weimar, yaani ile ya Ujerumani ya 1919 kabla ya Hitler, ibara ya 139, inasema Jumapili na sikukuu zinalindwa kisheria kama siku za kupumzika na za kuinua roho. Walipoandika katiba mpya 1949 wakaibeba hiyo ibara ilivyo wakaiingiza kupitia ibara ya 140, kwa hiyo mpaka leo ni sheria hai. Supamaketi zimefungwa. Yale mapipa ya barabarani ya kutupia chupa yana kibandiko kabisa cha saa za kutupa, na Jumapili haimo, kwa ajili ya kelele. Mwokaji mikate anafungua masaa machache, sheli na maduka ya stesheni za treni yako wazi, hapo ndo kila mgeni aliyesahau kununua maziwa Jumamosi anaenda kulipia usahaulifu wake kwa bei ya juu.

Mwaka 2006 Berlin wakajaribu kulegeza, wakaruhusu maduka kufungua Jumapili zote nne za Majilio, zile za kabla ya Krismasi, kuanzia saa saba mchana. Makanisa yote mawili, Katoliki na Kiprotestanti, yakaenda Mahakama ya Katiba kule Karlsruhe, na tarehe 1 Desemba 2009 yakashinda. Kilichonivutia ni hoja yenyewe, mahakama haikusema watu waende misa, ilisema mtu anahitaji siku ambayo wengine wote nao wamepumzika, la sivyo familia haikutani, timu haichezi, kwaya haiimbi, hata chama cha siasa hakikutani. Kupumzika Jumanne peke yako sio mapumziko, ni kukaa nyumbani tu. Na wanaoilinda Jumapili bega kwa bega na makanisa ni chama cha wafanyakazi Verdi, ambacho hakina mpango na mbingu. Bibi wangu wa slipa angesimama upande huohuo.

Nisije nikawapamba lakini. Hizo tunu zilikuwa na upande ambao uliwakaba watu. Serikali za Adenauer zilipopitisha sheria ya usawa wa mume na mke 1957, zilibakiza kifungu kwamba mke anaruhusiwa kufanya kazi ya ajira ilimradi isigongane na majukumu yake ya ndoa na familia, na hicho kifungu kimekufa 1977 tu, mama zetu wengi wako hai wanakumbuka 1977. Pia walitaka baba awe na neno la mwisho kuhusu watoto wazazi wakishindwa kuelewana, Mahakama ya Katiba ikalifuta 1959. Na huyohuyo Adenauer mkatoliki safi alimweka Hans Globke kuongoza ofisi yake, mtu aliyeandika ufafanuzi wa sheria za Wanazi za Nürnberg za kuwabagua Wayahudi. Italia nako chama cha Democrazia Cristiana kimetawala miongo zaidi ya minne, kikasambaratika 1994 baada ya kashfa za rushwa kumwagwa hadharani, na msalaba ulikuwa umo kwenye nembo yake muda wote.

Ugomvi wa saivi ni nani mwenye ile herufi C. Mwaka 2015 Angela Merkel, chansela wa wakati huo kutoka CDU na binti wa mchungaji wa Kilutheri, alipowapokea wakimbizi, maaskofu wakasema hiyo ndo C yenyewe, wenzake wa chama wakanuna. 2018 Markus Söder, kiongozi wa serikali ya jimbo la Bavaria kutoka CSU, chama ndugu cha CDU, akaagiza msalaba utundikwe kwenye milango ya majengo ya serikali ya jimbo, ungetegemea kanisa lishangilie, kinyume chake Kardinali Reinhard Marx akamkosoa kwamba anaigeuza alama ya imani kuwa kitu cha siasa. Januari 2025 tena, ofisi za makanisa Berlin zikawaandikia wabunge kuukosoa mpango wa CDU kuhusu uhamiaji. Yaani chama cha Kikristo kinakemewa na kanisa, na yote haya wakati ambapo wanachama wa makanisa mawili makubwa wameshuka chini ya nusu ya Wajerumani tangu 2022. Ukitaka kujua kwa nini wanatoka, angalia salari slipu: kodi ya kanisa ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato Bavaria na Baden-Württemberg, 9 kwingine. Kama kodi yako ya mapato kwa mwezi ni yuro 400 na uko kwenye hiyo asilimia 9, basi yuro 36 zinakwenda kanisani kabla hujazishika. Mkija kujiandikisha mjini mkaulizwa dini, msijaze tu kwa mazoea.

Na msichanganye na Marekani. Kule hakuna chama kikubwa cha aina hii, Ukristo wa siasa za Marekani unasikika zaidi kwenye utoaji mimba na sala mashuleni, ukimwambia Mrepublikan wa kilokole kwamba nusu ya bodi iwe ya wafanyakazi kwa jina la Yesu atakuita mkomunisti.

Kwetu Afrika Mashariki aliyeikaribia zaidi hii kitu ni Democratic Party ya Uganda, iliyoanzishwa 1954 na Wakatoliki waliochoka kuona vyeo vya Buganda vinaliwa na Waprotestanti. Benedicto Kiwanuka alikiongoza mpaka akawa waziri mkuu wa kwanza, kwa muda mfupi tu kabla ya uchaguzi wa Aprili 1962, na 1972 akiwa Jaji Mkuu askari wa Amin wakamchukua mahakamani hakurudi. Wapinzani wake hawakuhangaika na nadharia wala nyaraka, herufi za DP walishazitafutia kirefu chao: Dini ya Papa.