Ateri ipi ya mkono ichomwe kwa mtoto? Tuangalie kwanza kwa altrasaundi

Mtoto anayefanyiwa upasuaji mkubwa, au aliyelazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), huweza kuwekewa kanula, mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwa sindano, kwenye ateri ya mkono, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Kupitia kanula hiyo shinikizo la damu huonekana kwa kila pigo la moyo, na damu ya vipimo huchukuliwa bila kumchoma tena. Ugumu ni kuiingiza. Kwa mtoto mchanga ateri ya radiali, iliyo upande wa kidole gumba, ina upana wa takriban milimita 1 tu. Kuitafuta kwa vidole ni kubahatisha, na ikikosewa hujikaza, damu huvilia, na jaribio la pili huwa gumu zaidi.

Kwa hiyo mikono yote miwili ikaguliwe kwa altrasaundi kabla sindano haijafunguliwa. Paka jeli nyingi, gusa ngozi kwa kifaa chake kwa wepesi mno: ukigandamiza, hata ateri hujifunga ukadhani haipo. Ukibonyeza kidogo, vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) hujifunga mapema, ateri huendelea kudunda.

Upana si kila kitu. Kwa watoto wadogo, ateri iliyo milimita 2 hadi 4 chini ya ngozi ndiyo huingilika vizuri zaidi. Iliyo juu kuliko hapo ni rahisi kuikosa, kwani sindano huifikia kabla ncha yake haijaonekana vyema kwenye skrini. Kagua pia ateri ya ulnari, upande wa kidole cha mwisho. Kwa baadhi ya watoto ndiyo pana. Lakini ina neva (mshipa wa fahamu) kando yake, na isichomwe kamwe kwenye mkono ambao radiali yake imeshajaribiwa, maana vidole vinaweza kukosa damu.

Kifundo kikunjwe nyuma kiasi, kama nyuzi 45. Kikizidishwa, ateri hubanwa. Kanula ya geji 24 hutosha kwa mchanga, 22 kwa mkubwa (geji ni kipimo cha unene: namba ikiwa kubwa, kanula ni nyembamba). Kosa linalojirudia ni kusukuma kanula mara tu damu inapoonekana: ncha imeingia, plastiki bado iko nje. Fuata ncha kwa altrasaundi milimita kadhaa ndani ya ateri, ndipo uteleze kanula.

Ikishafungwa iandikwe wazi kuwa ni ya ateri. Dawa isipitishwe humo. Isafishwe polepole kwa kiasi kidogo, kwa sababu kwa mchanga msukumo wa nguvu unaweza kurudisha hewa au bonge la damu hadi kwenye ubongo. Vidole viachwe wazi. Mzazi aliye kitandani akiona vimepauka, vimekuwa vya bluu au baridi, amwite muuguzi papo hapo.