Umbali wa angani si njia ya ndege

Mtu anatafuta mtandaoni umbali kati ya miji miwili, anapata kilomita 9,000, anagawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, kisha anatangaza kwamba safari ni ya saa kumi. Akiona tiketi imeandikwa saa kumi na mbili na nusu, anasema shirika la ndege linazungusha watu makusudi. Kugawanya amegawanya vizuri. Tatizo ni ile namba aliyoanza nayo.

Namba hiyo ni umbali wa angani, yaani urefu wa njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili juu ya uso wa dunia. Basi, ni hivyo tu. Kwa kuwa dunia ni tufe, njia hiyo ikichorwa kwenye ramani bapa huonekana imepinda. New York na Madrid ziko karibu latitudo moja, lakini njia fupi kati yake haifuati latitudo hiyo. Inapanda kaskazini, kisha inashuka. Vuta uzi juu ya tufe la darasani utaliona hilo papo hapo. (Wanaomlaumu rubani kwa tao wanaloliona kwenye skrini ya kiti wanapaswa kuilaumu ramani.)

Sasa, hiyo ni jiometri, na ndege hailazimiki kuifuata. Kutoka Helsinki hadi Tokyo ni takriban kilomita 7,800. Hadi mwanzoni mwa 2022 ndege zilikatiza juu ya Siberia, zikafika kwa saa tisa na nusu au kumi hivi. Februari mwaka huo Urusi ikayafungia anga yake mashirika ya Umoja wa Ulaya, na safari ikawa ya saa 13 hivi, ndege nyingine zikipita huko juu kwenye Ncha ya Kaskazini. Umbali wa angani haukuongezeka hata mita moja.

Hata njia isipobadilika, upepo upo. London hadi New York ni kama kilomita 5,550. Kwenda hupangiwa saa nane hivi, kurudi karibu saa saba, kwa sababu ule upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi. Tena saa za kwenye ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, si inaporuka, kwa hiyo foleni ya kungoja kuruka nayo imo.

Kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ni kosa jingine kabisa, kwa sababu kila moja huandikwa kwa saa za mji wake. Kuna ndege zinazoondoka Tokyo jioni na kutua Los Angeles asubuhi ya tarehe ileile.

Kwa hiyo kilomita za mtandaoni si uongo. Zitumie kulinganisha miji, au kupima kama ndege fulani inaweza kufika bila kutua njiani. Ukitaka saa, fungua ratiba, na uangalie ya kwenda peke yake na ya kurudi peke yake.