Kwa Nini Chama Kikianza, Mmoja Hupigwa Kalamu Kwanza?

Mtu amefanya kazi miaka sita bila kuandikiwa hata onyo moja. Ghafla, ndani ya wiki mbili, anapewa barua tatu za kujieleza: umechelewa dakika nne, umemjibu msimamizi vibaya, umeonekana kwenye idara isiyo yako. Ukiuliza kilichotokea hapo katikati, mara nyingi utaambiwa kwa sauti ya chini: alikuwa akipitisha fomu za chama cha wafanyakazi.

Wafanyakazi wa viwanda na mashamba makubwa ya Kenya wameizoea hadithi hii hata hawaisimulii tena kama habari. Kinachonivuta mimi ni hesabu yake. Wanaolalamika ni 300, anayemwaga unga ni mmoja, labda wawili. Kwa nini wasifukuzwe wote waliotia sahihi? Na huyo mmoja anatoshaje?

Jibu limo kwenye karatasi iitwayo Fomu S.

Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mwajiri analazimika kukitambua chama kikishaandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Mameneja hawamo katika hesabu hiyo. Na njia ya kuandikishwa ni kutia sahihi Fomu S, ambayo kwayo mfanyakazi anakubali akatwe ada ya chama kwenye mshahara. Anayekata ni nani? Mwajiri. Kwa hiyo fomu zikishajaa majina na sahihi, zinapelekwa kwake, naye ana siku 30 za kuanza kukata.

Yaani yule unayemwogopa ndiye anayekabidhiwa orodha.

Sheria haikukusudia ubaya hapo. Makato ya moja kwa moja ndiyo yanayovipa vyama uhai. Bila hayo katibu wa tawi angezunguka kila mwisho wa mwezi akiomba shilingi mia huku na kule. Lakini kati ya siku fomu zinapoingia ofisini na siku mkataba wa kutambuliwa unapotiwa sahihi, pana kipindi kibaya. Chama kimeshaonekana, ila bado hakina mamlaka ya kujadiliana kwa niaba ya mtu. Visa vingi vya kulipiziana vinaangukia humo.

Tuchukue mfano wa kiwanda chenye watu 300 wanaostahili kujiunga. Chama kinahitaji 151. Fomu za kwanza zimekuja na majina 130. Mwenye kiwanda hana haja ya kuwashawishi hao 130 wabadili mawazo. Kazi yake ni kuhakikisha chama hakipati 21 wengine kati ya wanaosita. Akimfukuza mmoja asubuhi, mbele ya watu, akatolewa na askari wa getini akiwa amebeba sweta na bakuli lake la chakula, wanaosita hawahitaji kuandikiwa barua. Wameshaelewa. Na baadhi ya wale 130 wataanza kuleta barua za kujitoa. Ukiona barua 40 za kujitoa zinafanana neno kwa neno, hadi makosa ya tahajia, ujue hazikuandikwa nyumbani.

Kuna hesabu nyingine, ya pesa, na hii ndiyo hainipi usingizi. Sheria ya Ajira, nayo ya 2007, kifungu cha 46, inasema wazi kwamba kuwa mwanachama wa chama, au kutaka kuwa mwanachama, si sababu halali ya kumfukuza mtu. Kugombea uwakilishi wa wafanyakazi vilevile. Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Kwenye karatasi tuko vizuri. Sasa angalia adhabu: fidia ya kawaida ya kuachishwa kazi isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12, na kurudishwa kazini hutolewa kwa nadra. Mtu wa mshahara wa shilingi 25,000 atalipwa kwa kiwango cha juu kabisa shilingi 300,000, tena baada ya kesi ya miaka. Kwa upande wa pili, chama kikitambuliwa na kikapata nyongeza ya shilingi 1,500 tu kwa kila mmoja wa wale 300, hiyo ni shilingi 450,000 kila mwezi. Mhasibu asiye na roho mbaya hata kidogo ataona ipi ni nafuu. Mahakama inaweza kuongeza fidia kwa kuvunjwa haki za kikatiba, lakini hilo ni la kupigania, halitoki lenyewe.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa mambo yamepinduka: mkataba wa pamoja ukishasainiwa unawahusu wote wanaostahili, pamoja na yule aliyejificha chooni fomu zilipopita. Anayechoma mgongo ni wa kwanza, kivuli ni cha kila mtu. Ndiyo maana watu wengi wenye akili timamu husubiri mwenzao aanze. Siwalaumu sana. Wana karo za kulipa.

Wala usidhani kulipiza kisasi ni kufukuza tu. Mbinu iliyonishangaza zaidi niliposimuliwa ni ya kupandisha cheo. Mpitishaji fomu anaitwa ofisini, anapongezwa, anakabidhiwa usimamizi wa zamu na nyongeza kidogo. Akikubali, kazi yake mpya inahesabiwa ya uongozi, jina lake linatoka kwenye idadi ya wanachama, na wenzake wanamwona msaliti. Mwingine anahamishiwa tawi la mbali ambako hajui mtu. Kwa vibarua ni rahisi zaidi. Hakuna barua, hakuna mkutano. Asubuhi msimamizi anasimama getini na kuita majina, na la kwako haliitwi.

Mambo haya yana umri. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandarini, relini, hotelini, hadi wa majumbani, waligoma kwa siku 12. Walikuwa wakikutania uwanja wa mpira walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Serikali ya mkoloni isingeweza kuwafunga watu 15,000. Nani angepakua meli? Ilimchukua mmoja. Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho lililozaliwa na mgomo ule, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini Kabarnet, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1950 ikawa zamu ya Makhan Singh, kiongozi mwingine wa vyama vya wafanyakazi, aliyewekwa kizuizini hadi 1961.

Siku hizi kizuizi ni muda wenyewe. Mwaka 2019 Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook katika kampuni ya Sama jijini Nairobi, aliwakusanya wenzake kudai malipo na mazingira bora. Aliachishwa kazi. Katika kesi aliyoifungua Mei 2022 dhidi ya Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, anadai kwamba kosa lake lilikuwa kuanzisha chama; Sama imekanusha. Meta ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya. Mahakama ya ajira ikaikatalia Februari 2023, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Septemba 2024. Hesabu mwenyewe: miaka mitano tangu afutwe, na kilichokuwa kimeamuliwa ni mahali pa kushtakiana tu. Hata hivyo hofu haikumaliza kazi. Mei Mosi 2023, zaidi ya wachujaji 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Basi mtu anathibitishaje kwamba alifukuzwa kwa ajili ya chama, wakati barua inasema utovu wa nidhamu? Mwajiri haandiki ukweli kwenye barua. Sheria hapa inamsaidia mfanyakazi kidogo: mwenye kufukuza ndiye anayetakiwa kuthibitisha sababu, na akishindwa, kufukuza huko kunahesabiwa si kwa haki. Akitaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, lazima kwanza amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake. Na akisema nafasi imefutwa, alipaswa kutoa notisi ya mwezi mmoja kabla. Mfanyakazi naye asijitegee mtego: shughuli za chama zinalindwa nje ya saa za kazi, au ndani yake kwa idhini ya mwajiri. Kugawa fomu kwenye mashine saa nne asubuhi ni kumpa bosi barua iliyokwisha kuandikwa.

Muda wa kulalamika nao si sawa kila mahali. Kenya una miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na kuna watu wamezipoteza siku hizo wakimsubiri bosi apunguze hasira.

Zaidi ya yote, tarehe. Ndiyo maana katibu wa tawi mwenye uzoefu, akipeleka Fomu S, haondoki mapokezi mpaka nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani atasema bosi hayupo, wino umekauka, rudi kesho. Mzee atavuta kiti akae. Siku barua ya kwanza ya kujieleza itakapotoka, atataka kuiweka juu ya meza kando ya nakala ile, jaji asome tarehe mbili kwa mpigo.