Jembe limekukata? Acha mavi ya ng'ombe! Maswali na majibu juu ya tetanosi

Tetanosi ni nini?
Ni ugonjwa wa mikrobe inayokaa kwenye udongo na mavi ya wanyama. Inaingia kwa kidonda, inatoa sumu, misuli inakaza. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mwingine.

Panga yangu haina kutu, niogope nini?
Kutu si shida, shida ni udongo na mavi. Unavuna kabichi Kibumba, unakamua ng'ombe Masisi ukikanyaga mavi na kambambili, hata jiwe la volkano likikutoboa kidogo tu, mlango umefunguka.

Bibi alikuwa anaweka mavi ya ng'ombe ao jivu na damu inasimama, mbaya iko wapi?
Wapendwa, damu inasimama ju umefinya, si ju ya mavi! Juzi nimefungua kitambaa kwa mguu wa papa mmoja, chini yake mavi makavu yameshikamana na nyama pamoja na majani ya kutafuna, na yeye ananiambia "nursi, nilishajitibu". Hapo umejipandia ugonjwa na mkono wako. Finya na kitambaa safi, osha na maji safi mengi na sabuni, kuja santre ya afya siku ile ile. Si mavi, si jivu, si petroli.

Kidonda kimekauka, niko salama?
HAPANA. Dalili zinakuja mara nyingi kati ya siku 3 na 21, wengine kidonda wameshakisahau. Inaanza kwa taya, mtu anashindwa kufungua mdomo ale bugali, shingo inakaza, mgongo unapinda, mlango ukigonga tu mwili wote unashtuka. Familia inasema wamemroga, wanamlaza chumba cha maombi siku tatu ndiyo wanamleta. Ombeni mukiwa njiani! Sumu ikishashika mishipa ya fahamu, dawa haiitoi tena pale. Usingoje mdomo ufunge. Kuja na kidonda kingali kibichi.

Nilichanjwa utotoni, inatosha?
Haitoshi, nguvu yake inapungua. Kwa kidonda kichafu, kama sindano ya mwisho imepita miaka 5, unahitaji ingine. Hata aliyeugua akapona anachanjwa. Wamama wanaipata kwa CPN (kupimwa kwa wamama wenye mimba), lakini wapapa wenye kushika panga kutwa nzima, wengi tangu utoto hawajarudi. Siku mama anaenda CPN, mufwate, uliza nursi sindano yako.