Huoguo ya kondoo ya Beijing nyumbani: kazi iko kwenye kisu na sosi

Huoguo ni mlo wa Kichina unaopikiwa mezani: supu inachemka katikati, kila mmoja anajichemshia chake. Ya mji wa Chongqing, yenye mafuta ya ng'ombe na pilipili, ina sifa kubwa, lakini kwa anayeandaa nyumbani mara ya kwanza napendekeza ya Beijing. Supu yake ni karibu maji matupu, nyama ni ya kondoo, na Wahui, jamii ya Waislamu wa China, wana mkono mkubwa ndani yake. Donglaishun, mkahawa wake mashuhuri, ulianzishwa na Mhui mwaka 1903.

Kwa watu wanne nunua kilo 1 ya nyama ya paja au bega isiyo na mfupa, na usiondoe mafuta yote. Nyama isiyo na mafuta kabisa inakakamaa ikigusa maji ya moto. Mbuzi aliyekomaa simshauri hapa, ni mgumu mno. Isokote nyama kwenye plastiki ya jikoni iwe kama gogo lenye unene wa sentimita 8, igandishe usiku kucha, kisha ihamishie kwenye friji ya kawaida kwa dakika 30 hadi 60. Hapo ndipo penye uamuzi. Ikiwa bado jiwe, kisu kinateleza na kukutafuta vidole. Ikilegea sana inakimbia chini ya kisu na vipande vinatoka vinene upande mmoja. Inafaa pale kisu kinapopita kwa nguvu kidogo na kipande kinajikunja chenyewe. Kata kwa kukatisha nyuzi za nyama, unene wa milimita 1 hadi 2. Ukizifuata nyuzi utatafuna kamba. Rudisha sahani kwenye friji hadi wageni wakae, kwa sababu nyama iliyoyeyuka mezani inatoa maji mekundu yanayochafua supu kwa povu.

Supu yenyewe: lita 2 za maji, vipande vinne vya tangawizi, sehemu nyeupe za vitunguu vya majani viwili, kijiko cha chakula cha uduvi mkavu na kunazi nyekundu za Kichina chache. Usitie chumvi. Supu inapungua muda wote wa kula, na chumvi iliyokuwa sawa mwanzoni inakuwa kali mwishoni. Ikipungua, ongeza maji yaliyochemka kutoka kwenye birika. Ya baridi yanazima mchemko, na nyama inaiva kwa kutokota badala ya kuiva kwa sekunde.

Sosi ndiyo inayowashinda wengi. Weka gramu 150 za ufuta uliosagwa kwenye bakuli, ongeza maji ya uvuguvugu kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga. Mwanzoni itakaza na kugawanyika kama imeharibika. Usimimine maji mengi kwa hofu. Endelea kidogo kidogo, italainika na kung'aa, na iko tayari inapopaka mgongo wa kijiko. Sasa ponda vipande viwili vya tofu (jibini ya soya) nyekundu iliyochachushwa, tia na kijiko cha chakula cha sosi ya maua ya vitunguu vya Kichina. Onja kwanza, ndipo utie sosi ya soya, kwa maana hivyo viwili vina chumvi nyingi. Asiyekunywa pombe asome lebo ya tofu hiyo, mara nyingi ina divai ya mchele. Tahini ya Kiarabu, nayo ni ufuta uliosagwa, ni hafifu kwa sababu ufuta wake haukukaangwa sana. Ichanganye na siagi ya karanga, mchanganyiko ambao hata Beijing upo. Giligilani na mafuta ya pilipili kila mtu ajitilie.

Kuhusu moto: jiko la induksheni halikubali sufuria ya alumini, jaribu kwa sumaku kwanza. Kwenye jiko dogo la gesi ya kopo, usiweke sufuria pana inayofunika upande wa kopo, joto likirudi chini kopo linaweza kulipuka. Chungu cha shaba chenye bomba la mkaa ni kizuri, lakini kitumie nje; moshi wa mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua.

Mezani tia vipande vitatu au vinne kwa mara moja. Ukimwaga sahani nzima mchemko unakufa. Sekunde 10 hadi 20 zinatosha, wekundu ukishatoweka kabisa. Nairobi maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, basi zidisha kidogo. Koleo la nyama mbichi liwe peke yake, vijiti vya kulia visiiguse.

Nyama itangulie, kwani ndiyo inayoipa supu ladha. Kisha tofu, na iliyowahi kugandishwa ni bora, ina matundu yanayonyonya supu. Kabichi ya Kichina ifuate. Tambi za choroko, zilizolowekwa dakika 20, ziwe za mwisho, maana wanga unaifanya supu iwe nzito na inashika chini. Supu ikibaki, ichuje, ipoe haraka, iingie friji ndani ya saa mbili, na siku ya pili ichemke vizuri kabla ya kuliwa.