Rangi ya Siga Haisemi Ukali Wake

Jioni moja nilikaa Jaws Corner, Mji Mkongwe, na kikombe cha kahawa chungu mkononi na siga ambayo sikuwa nimeiwasha. Nilikuwa nainusa tu. Mzee mmoja akanitazama, akatikisa kichwa: "Nyeusi hiyo, mwanangu, itakuangusha." Kijana aliyekuwa kwenye bao akadakia kuwa hizo haziingii mapafuni, hazina neno. Wa tatu, bila kuinua macho kwenye dhumna zake, akasema kama si ya Cuba basi nimetupa pesa.

Kauli tatu, makosa matatu, na kahawa haijapoa. Siwacheki. Yote hayo niliyaamini mimi mwenyewe nilipoanza kukusanya siga, kuzilinganisha na kuandika kwenye daftari kila moja ilivyonukia. Kwa asiyeijua, siga ni majani ya tumbaku yaliyofungwa ndani ya jani la tumbaku. Karatasi haimo, na zile za kusokotwa kwa mkono hazina kichungi.

"Haiingii mapafuni, kwa hiyo haina madhara"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloua. Nusu yake ni kweli: moshi wa siga haushushwi, huzungushwa kinywani kama mtu anayesukutua, kisha ukatolewa. Lakini moshi wa sigara ya kawaida una uchachu kidogo, ndiyo maana mvutaji huuvuta hadi mapafuni apate nikotini yake. Moshi wa siga una tabia ya magadi, na nikotini iliyokutana na magadi hupenya ngozi laini ya kinywa papo hapo. Bibi zetu walaji tambuu waliijua kazi hii bila kuisomea skuli: tumbaku bila chokaa haishiki.

Halafu kuna kiasi. Sigara moja huwa na tumbaku isiyofika gramu 1. Siga kubwa yaweza kuwa na gramu 5 hadi 20, yaani pakiti nzima ya sigara ndani ya kipande kimoja. Moshi wake unasababisha saratani ya kinywa, koo, umio na mapafu, na aliyekaa upande unakoelekea upepo hupata fungu lake bila kuomba. Mimi nawasha moja kwa mwezi, na siwashi kwenye nyumba yenye watoto. Huko ni kupunguza tu, sijajikinga na chochote. Wapo masheikh wanaosema makuruhu na wapo wanaosema haramu. Nina rafiki aliyeacha kabisa kuwasha, lakini bado tunakaa pamoja tukinusa siga mbichi na kubishana. Pua yake sasa inanishinda.

"Nyeusi ndiyo kali"

Mzee wa kahawani alikuwa anatazama nguo. Jani la nje la siga ni moja tu, jembamba, na weusi wake hutokana zaidi na kuachwa shambani likomae sana, kisha kuvundikwa kwa muda mrefu na kwa joto kubwa. Kuvundikwa huko mara nyingi hulipa utamutamu. Ukali unakaa ndani. Majani ya juu ya mti, yaliyopigwa na jua kuliko mengine, ni mazito, yana mafuta, na ndiyo makali. Wahispania huyaita ligero. Ya katikati ni seco, yenye harufu nzuri zaidi. Ya chini ni volado, mepesi, kazi yake hasa ni kusaidia siga iwake. Msokotaji huyachanganya kama mpishi anavyopima bizari, na mchanganyiko huo huuoni kwa nje. Siga iliyowahi kunikalisha chini, jasho likinitoka kama niliyekimbia, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Unene nao ni hivyo hivyo. Hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo siga ya namba 50 ina kipenyo cha karibu milimita 20. Namba hiyo inakwambia itachukua muda gani, basi.

"Nzuri ni ya Cuba tu"

Hapa nataka kukaa. Jina la Cuba lina uzito kwetu; madaktari wao wametibu watu wa visiwa hivi kwa miaka mingi, na heshima ile imeshuka hadi kwenye siga zao. Na kweli, udongo wa Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, hutoa tumbaku ya ajabu. Kosa liko kwenye neno "tu".

Mwaka 1960 serikali ya mapinduzi ya Cuba ilitaifisha viwanda vya siga. Mwaka 1962 Marekani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikafunga mlango kwa vikwazo. Wenye viwanda, wakulima na mafundi wengi wakahama na ujuzi wao, na mbegu za Cuba zikapandwa Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nicaragua. Leo mji wa Estelí, Nicaragua, unaishi kwa siga. Ndiyo maana pia utakuta chapa mbili za siga ziitwazo Montecristo duniani, moja ya Cuba na nyingine ya Jamhuri ya Dominika. Jina ni moja, lakini majani ni mengine na mikono ni mingine.

Mtu wa Pemba haya hayamshangazi. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi, na tangu hapo kitovu cha karafuu kikahamia kwetu. Lakini nenda sokoni popote duniani uulize: ni "karafuu za Zanzibar". Jina lilibaki bandarini, mti ukavuka mkondo. Sisi tunaolijua hilo tangu utotoni ndio wa mwanzo kupaswa kuuliza siga imelimwa wapi, badala ya kusoma pete yake ya karatasi. Zipo siga za bei kubwa kutoka Jamhuri ya Dominika ambazo jani lao la nje limelimwa Afrika, Cameroon na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni jani la kahawia lenye vipele vidogo ukilipapasa, na mimi nalipenda kuliko yote.

Nilikwenda Pemba likizo nikiwa na siga nne, nikazivua pete zote. Ami yangu ni mchumaji karafuu, hajavuta kitu maisha yake yote. Nikampa azinuse zikiwa hazijawashwa. Ya kwanza akasema, "Hii zizi la ng'ombe." Nikajidai kucheka, lakini wajuzi wa siga husema hivyo hivyo, na kwao ni sifa: harufu ya zizi ni ya jani lililovundikwa barabara. Ya pili, "ghala lililofungwa tangu msimu uliopita." Ya tatu, pilipili manga. Ya nne aliinusa muda mrefu, akairejesha: "Hii wamekuuzia maji." Ya nne ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote, na ndiyo pekee iliyotoka Cuba.

Pua moja haivunji sifa ya nchi nzima, na siga ile huenda ilichakazwa na safari. Ila tangu siku ile nalinganisha zikiwa uchi: pete zimevuliwa, ukubwa mmoja, na mbili tofauti siziwashi siku moja, maana ulimi huchoka na ya pili huonewa.

Kuhusu bandia nitasema moja tu. Niliwahi kuletewa zawadi ya Cohiba, chapa ya siga ya Cuba, ndani ya boksi la mbao lenye mfuniko wa kioo, nikawaonyesha watu kama mtoto na nguo ya sikukuu. Cohiba halisi, iliyoanza mwaka 1966 ikisokotwa kwa ajili ya Fidel Castro, haiuzwi kwenye boksi la kioo. Ukiona kioo, umeshajibiwa.

"Hutiwa chokoleti na kahawa ndani"

Zipo zinazotiwa ladha, na huandikwa hivyo. Lakini siga nyingi za kusokotwa kwa mkono hazina ila tumbaku. Majani hurundikwa kwa maelfu, rundo likapanda joto lenyewe, likapinduliwa, likapanda tena. Amonia hutoka, ukali hupungua, na harufu zinazofanana na kakao, mbao au ngozi huzaliwa humo. Anayetaka kuamini aende mashamba ya viungo ya Kizimbani, aombe ganda bichi la vanila alinuse. Halina kitu. Harufu yote huja baada ya kuchemshwa kidogo, kutoshwa jasho na kuanikwa taratibu kwa miezi. Jani la tumbaku na ganda la vanila wamesoma darasa moja.

"Husokotwa kwenye mapaja ya wasichana"

Hili husemwa kwa sauti ya chini, watu wakichekeana. Jani la siga husokotwa juu ya ubao, kwa kisu kipana kisicho na mpini kiitwacho chaveta, na fundi mzuri huchukua miaka kuiva. Mimi nakipenda zaidi kisa cha kweli. Tangu mwaka 1865, kwenye viwanda vya Havana, wafanyakazi walichanga pesa zao kumlipa msomaji akae juu ya jukwaa awasomee magazeti na hadithi wakiwa kazini. Jina Montecristo lenyewe limetoka kwenye riwaya ya Mfaransa Alexandre Dumas waliyokuwa wakisomewa. Nilipoisoma habari hii nilikumbuka usiku wa kuchambua karafuu kwetu, rundo katikati, taa ya chemli, vidole vinatenganisha karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, na bibi anatoa hadithi ambayo mwisho wake hauji mpaka rundo liishe.

"Weka kwenye friji"

Friji hukausha, na siga hunyonya harufu. Baada ya wiki utakuwa na siga inayonuka samaki changu.

Maelekezo mengi ya kuhifadhi siga yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi, na yanafundisha kuongeza unyevu. Sisi shida yetu ni kuupunguza. Siga hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Unguja wakati wa masika hewa yenyewe hupita asilimia 80, na joto la nyuzi 21 utalipata kwa kiyoyozi tu. Juu ya nyuzi 24 au 25 hivi mayai ya fukusi wa tumbaku huanguliwa, nawe asubuhi ukakuta vitundu kama vya sindano kutoka upande huu hadi ule. Ukiviona, tenga zilizobaki, zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, zilaze friza siku tatu, kisha uzihamishie friji ya kawaida siku moja kabla ya kuzitoa, zisije zikapasuka. Hapo ndipo friji ina kazi.

Mimi siga zangu za mwanzo niliziweka kwenye kasha la marehemu bibi. Mbao nzuri, mfuniko mzito, nikaona nimepata. Nilisahau kasha lile limefukizwa nguo kwa udi miaka arubaini. Siga kumi na mbili zikatoka zikinuka bi harusi.

Sasa natumia chombo cha plastiki cha chakula chenye mpira kwenye mfuniko, na ndani pakiti ya kurekebisha unyevu ya asilimia 65. Haina fahari, lakini inafanya kazi. Kipima unyevu usikiamini mpaka ukijaribu kwa chumvi ya jikoni: tia kijiko kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji iwe kama tope bila kuyeyuka, fungia pamoja na kipima ndani ya mtungi mkavu hadi kesho yake. Kikisoma 75, ni kizima. Kikisoma 70, ujue kinakudanganya kwa 5.

Na ule unga mweupe juu ya siga, ambao muuzaji atakwambia ni mafuta ya jani yaliyoganda kwa ukongwe? Mara nyingi mno ni ukungu. Jamani, tunaishi kisiwani.

"Lazima iende na brandi"

Si lazima. Kahawa chungu yenye tangawizi, na kashata pembeni. Nimemaliza.

"Yenye karafuu ni dawa ya koo"

Hii inatuhusu kwa damu. Sigara za karafuu za Indonesia, kretek, zilianzia mji wa Kudus, kisiwani Java, mwishoni mwa karne ya 19, na jina lao ni mlio wa karafuu zinapopasuka motoni. Kwa miongo kadhaa Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu, mpaka ilipopanda za kujitosheleza. Karafuu nyingi walizochuma babu zetu ziliishia moshi wa Java.

Karafuu hutuliza jino kwa sababu ya mafuta yake, eugenol, ambayo hutia ganzi. Ndani ya moshi hufanya kazi ile ile: koo likifa ganzi haliwashi, halikohoi, na moshi unashuka ndani zaidi bila mtu kuhisi. Tumbaku imebaki tumbaku.

Marekani ilipopiga marufuku sigara zenye ladha mwaka 2009, kretek zikiwemo, watengenezaji walibadilisha vazi: badala ya karatasi wakazifunga kwa tumbaku, wakaziuza kama siga ndogo. Nilipata moja, nikampelekea ami aninusie. Akaivunja katikati bila kuniuliza, akamwaga vilivyomo kiganjani, akavitenganisha kwa kidole gumba kama anavyofanya jamvini.

"Mbona hawakuchambua," akasema. "Humu wametia na makonyo."