Kulanti ya pikipiki: kazi yake, na namna ya kuchagua ya dukani

Kabla ya kutoa pesa, itazame injini yako. Bodaboda nyingi zinazozunguka Kampala, Bajaj Boxer na TVS zikiwa mbele, hupozwa kwa upepo: silinda ina mapezi ya chuma kwa nje na hakuna rejeta (kifaa cha mirija myembamba kinachopoza maji ya injini). Hizo hazihitaji kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, hata tone. Kulanti ni ya pikipiki yenye rejeta, mfano Pulsar NS200, Dominar 400, KTM 390 Duke, au zile kubwa za safari ndefu kama Africa Twin.

Ndani ya kulanti kuna vitu vitatu: maji, glaikoli (mara nyingi ethilini glaikoli), na dawa za kuzuia kutu. Maji ndiyo yanayobeba joto, na huifanya kazi hiyo vizuri kuliko glaikoli. Glaikoli hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kuganda. Dawa hulinda alumini ya injini, rejeta na pampu ya maji.

Mafundi wengine husema Uganda hakuna baridi ya kugandisha, basi maji ya bomba yanatosha. Hoja hiyo inasahau mambo mawili. Kwanza, Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, kwenye mita 2,000, ni karibu nyuzi 93. Kofia ya rejeta hushikilia shinikizo, na ile ya bar 1.1 huongeza zaidi ya nyuzi 20. Glaikoli ya nusu kwa nusu huongeza nyingine 7 hivi. Kwenye foleni ya jioni, upepo ukiwa haupiti kwenye rejeta, nyuzi hizo ndizo zinazokuokoa. Pili, maji matupu hayana dawa ya kutu. Alumini huanza kulika, pampu hupata kutu, na madini ya maji ya kisima hujenga magamba ndani ya mirija ya rejeta hadi maji yapite kwa shida.

Sasa dukani. Usichague kwa rangi. Kijani, nyekundu, buluu au waridi ni rangi tu ambayo kila kiwanda hutia kinavyopenda, na hakuna sheria inayoiunganisha na aina ya dawa. Soma maandishi ya nyuma. Tafuta mambo haya: inafaa injini za alumini, haina silikati (aina moja ya dawa ya kutu), na ina kiwango cha ubora kinachotambulika kama ASTM D3306 cha Marekani au JIS K 2234 cha Japani. Suala la silikati lina uzito kwa pikipiki, kwani Honda huonya katika vitabu vyake vya mwenye pikipiki kwamba kulanti yenye silikati huweza kumaliza sili (kizuia kuvuja) ya pampu ya maji mapema na kuziba njia za rejeta. Viwanda vya Ulaya vina masharti tofauti, na kuna vinavyotaka kulanti yenye silikati kidogo, kwa hiyo kitabu cha pikipiki yako kina neno la mwisho. Kulanti ya malori ya dizeli iache kwa malori.

Kisha tazama kama ni tayari kwa kutumia au ni ile nzito ya kuchanganya. Iliyo tayari haiongezwi maji. Ile nzito haimiminwi peke yake hata kidogo: glaikoli tupu hubeba zaidi kidogo ya nusu ya joto linalobebwa na maji, na injini itapata joto kupita kiasi huku rejeta imejaa. Changanya nusu kwa nusu. Ikishuka chini ya asilimia 40, kinga ya kutu hudhoofika. Ikipita 60, upozaji hupungua.

Maji ya kuchanganyia yawe yaliyokenekwa, yaani yasiyo na madini. Hapa kuwa makini sana: petroli stesheni huuza chupa za betri za aina mbili, maji safi ya kuongezea na asidi ya kujazia betri mpya. Asidi ikiingia kwenye rejeta, alumini inaharibika. Soma chupa, usiombe tu "maji ya betri". Maji ya kunywa ya chupa nayo mara nyingi yana madini.

Ukishuku umeuziwa maji yenye rangi, pima. Lita moja kamili ya mchanganyiko wa nusu kwa nusu ina uzito wa kilo 1.07 hivi, maji yenye rangi hayapiti kilo 1. Au tia kidogo kwenye chupa iliyofungwa na kuandikwa SUMU, iache usiku kwenye friza, mbali na chakula. Ikiwa jiwe la barafu asubuhi, glaikoli haimo, au ni kidogo mno.

Kubadilisha hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa. Kofia ikifunguliwa moto, mvuke unaunguza uso na mikono. Simamisha pikipiki wima, weka beseni, fungua boliti ya kutolea iliyo kwenye kifuniko cha pampu ya maji, ndipo ufungue kofia. Mwaga pia tanki la akiba la kulanti. Suuza kwa maji yaliyokenekwa hadi yatoke bila rangi, na hatua hii usiiruke ukibadilisha aina, kwa sababu dawa zisizopatana huweza kugeuka ute mzito unaoziba rejeta. Rudisha boliti pamoja na washa mpya (pete yake ya kuzuia kuvuja). Pikipiki nyingi huchukua kati ya lita 1 na 2 za kulanti. Mimina polepole, washa injini kofia ikiwa wazi, bonyezabonyeza mipira ya rejeta mpaka mapovu yaishe, ongeza, funga. Tanki la akiba lijae kati ya alama ya chini na ya juu. Kesho yake, injini ikiwa baridi, angalia tena.

Kulanti ikiendelea kupungua, kuna mahali inatoka. Tone kwenye kitundu kidogo chini ya pampu maana yake sili imechoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kulanti imeingia humo kupitia gasketi ya hedi au sili ya pampu, usiendeshe. Na fundi akipendekeza kuondoa thamostati (kilango kinachofungua njia ya kulanti injini ikipata joto) ili injini "ipoe zaidi", kataa. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta na kuchakaa, na chanzo cha joto kinabaki palepale: feni isiyowaka, kofia iliyolegea, rejeta iliyoziba kwa matope.

Badilisha kila miaka 2, isipokuwa kitabu kimesema vingine. Ile ya zamani ina ladha tamu na ni sumu kali. Mbwa na watoto huinywa. Ifunge kwenye galoni yenye kifuniko, usiimwage mtaroni.